Kiti cha Mlezi

Nchi hii haipo. Usiitafute kwenye ramani, na ukiiona asubuhi nje ya dirisha lako, shusha pazia uendelee na chai. Iliitwa Jamhuri ya Mbeleko, kwa sababu Mlezi Mkuu, aliyeitawala tangu enzi ambazo wengi waliozikumbuka walikwisha kuzikwa, alisema amewabeba wananchi wake mgongoni kama mama abebavyo mwana. Wananchi walishukuru. Mtoto wa mgongoni haulizi njia, hahitaji viatu, na akitazama mbele anaona kisogo cha aliyembeba.

Siku moja Mlezi Mkuu, akifungua kituo cha mabasi ambacho mabasi yake yalikuwa hayajanunuliwa, alinogewa na hotuba akasema: "Nipo pamoja nanyi katika kila safari."

Nchi nyingine watu wangepiga makofi wakaenda zao. Mbeleko hakuna neno la Mlezi lililoachwa likaanguka chini. Makofi hayajaisha, maofisa walikuwa wameshaulizana: kama yupo katika kila safari, anakaa wapi? Ndipo ikapitishwa Sheria ya Kiti. Kila chombo cha usafiri kilitakiwa kumwachia Mlezi kiti cha mbele, kando ya dereva. Juu yake iwekwe Picha yake, yenye fremu na kioo, nayo ifungwe mkanda. Wenye pikipiki waliibeba nyuma yao, ikawa inawakwaruza migongo. Toroli lilisamehewa baada ya mjadala mkali. Gari la maiti halikusamehewa.

Katika nchi hiyo aliishi Mashavu binti Chambuso, mwalimu wa jiografia, mwenye sauti ndogo mno hata wanafunzi wake walinyamaza kwa kumwonea huruma. Hakuwa na mtu ila baba yake. Mzee Chambuso alikuwa dereva katika msafara wa Mlezi Mkuu maisha yake yote ya kazi. Mtu asiyejua angedhani ile ilikuwa kazi ya mbio. Wapi! Msafara wa Mlezi ulikwenda mwendo wa kobe, ili wananchi wapate nafasi ya kupunga mikono, na wapelelezi wapate nafasi ya kuona nani hapungi. Mzee aliendesha magari yenye injini za kupasua milima, na hakuna hata moja aliloruhusiwa kulitia gia ya tatu.

Lakini kabla ya msafara, ujanani, aliwahi kumfanyia kazi mpima ardhi mmoja aliyekuwa na gari dogo la viti viwili, paa la turubai, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Mpima ardhi alipolala na homa, Chambuso alitumwa na gari lile kufuata dawa ng'ambo ya Mlima Utumbo, ambao barabara yake imejikunja kama jina lake. Alipanda mara ile moja. Tangu hapo, wenzake wakisimulia harusi zao, yeye alisimulia kona.

"Gari la kuvutwa na mbele," alimwambia Mashavu tangu angali mtoto, "ni ng'ombe anayekokotwa kwa pua. Atakwenda, lakini kwa manung'uniko. La kusukumwa nyuma, mwanangu, ukiwa unatoka kwenye kona unasikia kama mtu amekuwekea kiganja mgongoni, anakwambia: nenda, nipo."

Sasa macho ya mzee yalikuwa yanakufa. Ilikuwa presha ya macho. Dunia ilimfumbia kutoka pembeni, kama mlango unaosukumwa polepole. Idara ya Usafiri ilishamnyang'anya leseni, ikisema ni kwa huruma. Daktari alimwita Mashavu kando akamwambia, "Sitakudanganya, mwalimu. Kilichokwenda hakirudi. Masika yakianza, sidhani kama atauona hata mlango."

Mashavu alirudi nyumbani akakoroga uji mpaka ukapoa. Kisha akasema, "Baba, tukanunue gari."

"Gari gani?"

"La viti viwili. La kusukumwa. Nikupandishe Utumbo kabla ya masika, ukauone."

Mzee aligeukia ukuta. Alipogeuka tena, aliulizia viatu vyake.

*

Dalali waliyemwendea aliitwa Hemedi, lakini mji mzima ulimwita Sinahasara, kwa kuwa hakuna gari aliloliuza ambalo hasara yake ilimrudia yeye.

"Shikamoo mzee wangu! Karibu mwalimu! Leo mmekuja kuchukua mashine."

"Marahaba," akasema Mzee Chambuso. "Tunataka gari dogo la spoti, la kusukumwa nyuma, bei ya binadamu."

Sinahasara akacheka mpaka akashika boneti iliyokuwa karibu. "Mzee, wewe na spoti wapi na wapi? Nikupe hili la viti saba. Mlezi anakaa, wewe unakaa, wajukuu wanajaa tele."

"Wajukuu gani?" Mashavu akauliza, karibu asisikike.

"Watakuja, dada'ngu! Gari kwanza, mume baadaye. Wanaume wa siku hizi wanafuata usafiri."

Mashavu alitazama chini. Mzee alikwisha kulifikia gari jekundu lililochorwa ndimi za moto ubavuni. Akaligonga mlangoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena chini kidogo. "Hii ni chapati," akasema. "Kutu imekula bati lote, mkakandika, mkapaka rangi. Akiegemea mbuzi, anaingia ndani."

La pili lilikuwa jeusi, limeinuliwa bawa nyuma kama linataka kuruka. Sinahasara aliapa kwamba magurudumu yake ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kwamba mamaye mzazi ni shahidi. Mzee akaomba liwashwe na kuondolewa mchangani kwa kishindo. Magurudumu ya mbele yakatapika mchanga hadi kwenye suruali ya dalali. Ya nyuma yakakaa kimya kama wageni.

"Umemvika ng'ombe matandiko ya farasi," akasema mzee.

"Aa, mzee! Mbele, nyuma, si yote magurudumu?"

"Kasema hivyo aliyekuwa hajawahi kusukuma."

La tatu lilikuwa mwisho kabisa wa uwanja, rangi ya ndimu iliyopauka, turubai lake limetobolewa, na ndani yake kuku ametaga. Mzee Chambuso, aliyehitaji kushikwa mkono kuvuka mtaro, alijilaza chini bila kusaidiwa, akajisukuma uvunguni, akapapasa. Sauti yake ikatoka huko chini ikiwa imepungua miaka mingi. "Shafti hii hapa, Mashavu. Inakwenda mpaka nyuma. Difu hili hapa, kati ya magurudumu ya nyuma. Kavu, halivuji. Lo, mwanangu, ni lenyewe!"

"Hilo kwa kweli sikushaurini," akasema Sinahasara, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anasema kweli. "Ndiyo, bei yake ni ya kutupa. Lakini lina viti viwili tu. Kimoja cha dereva. Na hicho kingine…" Akatazama Picha iliyokuwa imefungwa mkanda kwenye kiti cha ofisini kwake, akashusha sauti. "Mnajua cha nani."

Mashavu alijua. Lakini alikuwa amesoma chuo, na huko walimfundisha kwamba kila sheria ina kifungu cha kusikiliza sababu. Akamtoa kuku kwa upole, akamwekea mayai yake kwenye majani, akalipa.

*

Katika Idara ya Viti, wananchi walisubiri wima, maana viti vyote vya Idara vilikuwa vimehifadhiwa. Aliyewapokea alikuwa Bwana Fidelis Kwangaya, Naibu Msajili Mkuu wa Viti, mtu mnene, mpole, mwenye kitambaa cha kufutia jasho la taifa.

"Binti, nieleze kwanza mwenendo wa gari lenyewe. Ndani yake, nani anafanya kazi?"

"Magurudumu ya nyuma, mheshimiwa."

"Na ya mbele?"

"Yanaonesha njia tu."

Bwana Kwangaya alisimama. "Rudia."

"Yanaonesha njia tu, mheshimiwa."

"Hayasukumi? Hayavuti? Hayachoki?"

"Hapana, mheshimiwa. Ya nyuma ndiyo yanayochoka. Hata tairi zake ndizo zinazolika kwanza."

Bwana Kwangaya alijifuta machozi kwa kitambaa. "Binti," akasema, "hili si gari. Hii ni katiba." Akaliandikisha palepale. Kisha akauliza mzee atakaa wapi.

"Kando yangu, mheshimiwa."

"Kando yako ni kwa Mlezi. Mzee apande nyuma."

"Halina nyuma."

"Kila kitu kina nyuma."

"Nyuma ni buti."

"Basi si tumeshapata!"

Mashavu alikusanya sauti yake yote, kama mtu anayekusanya nguo kwenye kamba mvua ikija. "Baba anataka kuiona barabara ya Utumbo, mheshimiwa. Kabla hajapofuka."

"Kuiona?" Bwana Kwangaya akakunja uso. "Kwani ana shaka nayo?"

"Hana. Anaipenda."

Jibu hilo halikuwa na kisanduku cha kulitia kwenye fomu. Bwana Kwangaya, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, na katika Mbeleko mambo mabaya hayakuwahi kufanywa na watu wabaya, alisema suala hili ni zito na linahitaji Kamati. Ikaundwa Kamati ya Kiti cha Pili. Nusu ya wajumbe walikuwa hawajawahi kuona gari la viti viwili, kwa hiyo wote wakasafiri nchi za mbali kuliona. Waliliona pwani, wakaliona milimani, wakaliona tena pwani kwa uhakika zaidi. Kila mjumbe alisafiri na Picha katika kiti cha pembeni ndani ya ndege, na posho ya Picha ikalipwa.

Nyumbani, Mashavu aligundua jambo. Gari lililosimama halina safari, na pasipo safari Mlezi hahitaji kiti. Basi jioni, akisharudi shuleni, waliketi wote wawili ndani ya gari uani, injini imezimwa, na mzee akampandisha mlima kwa maneno.

"Hapa kuna jiwe lenye umbo la nundu. Ukiliona, ingia gia ya pili. Legeza mguu. Legeza, usiogope! Geuza. Usimpe moto bado, atakutupa. Subiri pua itazame mbele… sasa mpe."

Mashavu alikanyaga mafuta ya gari lililozimwa. Alijifunza kila kona, wapi pana mchanga, wapi korongo liko kushoto. Jirani aliwachungulia juu ya ua akauliza kwa utani, "Mwalimu, mmefika wapi?" Naye Mashavu, mwenye haya hata za kuomba chumvi, alijibu, "Tumepita nundu."

Na dunia ya mzee ikaendelea kufungwa. Alianza kumwaga chai kando ya kikombe. Aliacha kuyataja magari ya barabarani kwa rangi, akawa anayataja kwa mlio. Mashavu alikwenda Idara mpaka mlinzi akamzoea. "Kamati bado iko njiani, dada. Vumilia. Serikali ina mkono mrefu, lakini miguu mifupi."

Masika yakanyesha. Siku moja, mchana, mvua ikiwa imepumzika na jua likipiga uani, Mzee Chambuso aliinua uso kutoka kwenye sahani yake ya ugali. "Mashavu," akauliza, "umeme umekatika?"

*

Kibali kilitoka juma lililofuata.

Kilitolewa kwa sherehe, na kwaya. Bwana Kwangaya alihutubia akiwa amemshika Mzee Chambuso begani. "Wapo maadui wanaosema Serikali haisikii! Huyu hapa mzee! Alilia, tukasikia. Tuliposikia, tulikaa. Tulipokaa, tulisafiri. Na leo tunamwambia: mzee, kalia Kiti cha Taifa!"

Vigelegele. Kisha akasoma masharti. Mzee angekaa, ila angeipakata Picha. Na Picha ya kupakatwa, kwa kanuni, ni ile kubwa, itokayo magotini ikapita utosi, nayo itazame barabarani ili wananchi waione.

"Lakini mheshimiwa," Mashavu akasema, "aliyeishika hataona kitu ila ubao wa nyuma."

Bwana Kwangaya akatabasamu kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo. "Hapo ndipo penye hekima, binti. Kamati ililijadili sana. Tungetoa kibali mapema, mzee angekosa kuiona barabara, na sisi tungeonekana katili. Tukasubiri. Sasa hana atakachokosa!"

Watu wakapiga makofi. Mzee alielekeza uso kule makofi yalikotoka, kwa adabu. Mashavu alilelewa vizuri, kwa hiyo alisema asante.

Sharti la pili lilikuwa fupi. Chombo kinachobeba Picha ya kupakatwa kinahesabiwa kuwa msafara. Mwendo wake ni mwendo wa msafara.

*

Waliupanda Mlima Utumbo asubuhi. Askari mmoja alikaa na filimbi chini, kwenye kizuizi, kuhakikisha msafara unakwenda kimsafara. Wanakijiji walipangwa kando ya njia, wakapunga. Gari la rangi ya ndimu lilitambaa, injini yake ikikoroma kwa aibu. Bibi mmoja aliyejitwika kuni aliwapita. Kwa mujibu wa sheria akasimama, akapunga mpaka walipompita. Kisha akatembea, akawapita tena, akasimama tena. Ikawa hivyo kona kwa kona. Mwisho akasema, "Wanangu, nisameheni, nina chungu jikoni," akatangulia moja kwa moja.

Mzee Chambuso alikuwa amekumbatia fremu, shavu lake kwenye ubao. Jiwe la nundu likapita, hakulitaja. Walifika kileleni, mahali upepo unapogeukia, na bonde lote likalala chini yao na barabara iliyokunjwakunjwa.

"Mashavu," akaita.

"Abee, baba."

"Tumeshaanza kupanda?"

Mashavu alitazama kilele. Alitazama mikono ya baba yake iliyotii maisha yake yote, imeshika fremu ile kwa uangalifu isije ikapata mkwaruzo. Kitu fulani ndani yake, kilichokuwa kimekaa kimya kwa malezi bora, kikasimama wima.

"Bado, baba," akasema. "Ndiyo kwanza tunaanza."

Akashuka, akaipokea Picha kwa mikono miwili kama ipasavyo, akaiingiza kwenye buti. Haikuenea. Akaikunja. Kioo kililia kidogo. Akalikunja turubai nalo, akamfunga baba yake mkanda.

"Picha iko wapi?" mzee akauliza.

"Imepumzika."

"Mwanangu, watakufunga."

"Shika mlango, baba."

Waliteremka mpaka kizuizini. Askari aliinuka kuisalimu Picha, akakuta anamsalimu mzee mwenye upepo ndevuni. Na kabla filimbi haijafika mdomoni, gari lilizunguka mbele yake, tako likateleza matopeni, likanyooka, likaanza kupanda.

"Jiwe la nundu!" Mashavu akapaza sauti, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, hata yeye.

"Gia ya pili! Legeza… legeza… subiri…"

"Nasubiri!"

"Sasa mpe!"

Akampa. Magurudumu ya nyuma yakasukuma, nao wote wawili, kwa wakati mmoja, wakasikia kiganja kile mgongoni. Mzee Chambuso akacheka kama mtoto aliyerushwa juu akadakwa. Alizitaja kona kabla hazijafika, mchanga kabla haujateleza, korongo kabla Mashavu hajaliogopa. "Naiona," akawa anasema, machozi yakimkimbilia masikioni kwa upepo. "Naiona, Mashavu. Yote naiona."

Ng'ambo kidogo ya kilele walimpita bibi wa kuni. Aliutua mzigo wake chini, akapunga kwa mikono yote miwili. Safari hii hakuna aliyekuwa amemwamrisha.

*

Kesi ilisikilizwa upesi, maana katika Mbeleko haki ndiyo kitu pekee kilichoruhusiwa kwenda mbio.

Mzee Chambuso aliachiwa. Mahakama iliona kwamba haiwezi kumwadhibu kipofu kwa kutoheshimu kitu asichokiona, hasa kwa kuwa adhabu yake ilitangulia kosa. Mashavu alivuliwa ualimu, asije akawafundisha watoto barabara, na akahukumiwa kutokaa katika kiti chochote chenye safari mpaka mwisho wa uhai wake. Aendako, aende kwa miguu.

Likabaki gari. Bwana Kwangaya, shahidi mtaalamu, alithibitisha kwa kiapo kwamba magurudumu ya mbele hayakusukuma wala hayakuvuta. Yalionesha njia tu. Jaji akayapongeza. Ya nyuma yalipatikana na hatia, yakang'olewa na kutiwa rumande ya kudumu. Gari likawekwa mbele ya Idara ya Viti kuwa fundisho: tako limekaa juu ya mawe, pua imeinuka kutazama mawinguni, kama mtu anayehutubia. Picha mpya ikafungwa mkanda katika kiti chake.

Baba na binti hupita pale wakienda kliniki, mzee ameweka mkono begani mwa Mashavu. Baada ya chakula cha mchana Bwana Kwangaya hupenda kuingia garini, akakaa kando ya Picha na kuzungusha usukani. Magurudumu ya mbele hugeuka kulia, hugeuka kushoto, yakisaga mchanga.

Juzi mzee alisimama akasikiliza. "Nani huyo anaendesha?"

"Bwana Kwangaya, baba."

"Anakwenda wapi?"

Mashavu alitazama. Bwana Kwangaya alikuwa amekaza macho mbele, anakata kona.

"Haendi popote, baba," akasema, wala hakupunguza sauti. "Lakini amefunga mkanda."